UZI: Vikompyuta vidogo vya mtumba vinavyogoma kubuti, wajuzi njooni mnisaidie

#1 Mamu_Steshenari

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla hasira hazijanipanda nikaviuza hivi vitu kwa kilo.

Nina steshenari Mabibo, si mbali na hosteli. Wateja wangu ni wanafunzi na watu wa kuomba ajira: kuchapa, kuskani, kuprinti, kutuma maombi. Kompyuta zangu kubwa zinajaza fremu na zinakula umeme, na joto hili la Dar likichanganyika na joto lao, mteja anakaa akiwa amesimama. Kuna ofisi ilikuwa inahama, nikanunua kwao mzigo wa vikompyuta vidogo, vile vinavyofungwa nyuma ya kioo. Adapta zote zilikuwa zimechanganywa kwenye boksi moja, hakuna anayejua ipi ni ya mashine gani.

Nilichopanga: Lenovo ThinkCentre M93p Tiny iwe seva ya mafaili na printa. HP Compaq 8200 Elite, ile ya umbo jembamba, ikae kaunta kwangu. Halafu kuna Dell Wyse 3040 tatu, hizo ziwe za wateja kuchapia.

Hali halisi sasa. Lenovo inawaka, inaleta nembo, kisha inaandika "Error 1962: No operating system found". Fundi wa jirani kapiga Windows upya, ikamaliza vizuri mbele ya macho yangu, kesho yake asubuhi nimechomeka, maneno ni yale yale. HP haileti picha kabisa, inalia tu na taa nyekundu inamweka. Wyse ya kwanza imekubali Debian (Linux) hadi mwisho lakini ikiwashwa upya haioni kitu. Ya pili inadai neno la siri la BIOS. Ya tatu kimya, hata taa hakuna.

Fundi anasema bodi zote zimekufa. Mimi siamini kwamba bodi zinaweza kufa kwa pamoja kwa sababu tu zimepandishwa kirikuu kutoka Posta hadi Mabibo. Nawasilisha.

#2 Siti_ya_Mbele

Ngoja waje wajuzi, nimeweka kambi hapa.

#3 bwana_kilo

Dada uza, ongezea hela kidogo nenda Kariakoo kachukue laptop yuzidi moja safi. Hivi vidude vina stresi.

#4 Kapasita_Imevimba

Usimsikilize huyo hapo juu. Mzigo wako ni mzuri na kwa kazi ya steshenari ni mzuri kuliko laptop, kwa sababu hauna betri ya kuvimba wala kioo cha kuvunjwa na mteja.

Dada Mamu, kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Kwanza umeme unatulia. Kisha bodi inajikagua: prosesa ipo, RAM ipo, kadi ya picha ipo. Hapo ndipo picha inatokea kwenye kioo. Baadaye programu iliyomo ndani ya chipu ya bodi, BIOS kwa mashine za zamani na UEFI kwa za karibuni, inakwenda kutafuta diski yenye kitu cha kuanzisha. Ikikipata inakikabidhi kazi, hicho kinapakia kerneli (kiini cha mfumo), kerneli inafungua diski, ndiyo unaona sehemu ya kuingiza jina lako. Kila hatua ikikwama inaacha alama yake. Ukiuliza "nini kimekufa" utanunua vipuri hadi uchoke. Uliza "imefika wapi".

Tuanze na Lenovo, maana hiyo imeshapita zaidi ya nusu ya safari. Umeme upo, RAM ipo, picha ipo. Inakwambia waziwazi kwamba imetafuta pa kuanzia ikakosa. Bodi iliyokufa haiandiki Kiingereza kwenye kioo.

Nijibu mambo mawili tu. Ukiwasha na kubonyeza F1 mfululizo utaingia kwenye mipangilio. (a) Tarehe inasomeka mwaka gani? (b) Kwenye ukurasa wa Startup, CSM (kinachoiruhusu UEFI kubuti kwa mtindo wa BIOS ya zamani) na Boot Mode zimeandikwa nini?

#5 Mamu_Steshenari

Kapasita asante sana kaka. Tarehe inasema 2013! CSM ni Disabled, Boot Mode ni UEFI Only. Fundi aliniambia yeye aliweka Legacy ndiyo fleshi yake ikasoma.

#6 Kapasita_Imevimba

Basi umeshamaliza, hujui tu.

Ndani kuna betri ya duara kama ya rimoti ya gari, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya bodi wakati mashine haijachomekwa. Hii yako imeisha. Fundi alibadilisha kwenda Legacy, yaani mtindo wa BIOS, akapiga Windows kwa njia hiyo ya zamani, diski ikapangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani wa patisheni. Ukachomoa jioni, mashine ikasahau kila kitu, asubuhi ikarudi kwenye UEFI tupu. UEFI tupu haitazami MBR inavyotazama Legacy. Yenyewe inatafuta patisheni ya FAT yenye folda ya EFI. Haikuiona, ikatoa 1962. Windows yake ipo mzima kwenye diski muda wote huo, hakuna anayeiita.

Nunua CR2032 mpya. Ukiwa na mita, mpya inasoma volti 3 na kidogo. Ikishashuka kwenye 2.6 hivi usiirudishe. Usinunue zile zilizotolewa kwenye pakiti zikawekwa kwenye kikopo juu ya meza, zinagusana na kuishiana chaji humo humo.

Hii betri inazua mengine mengi ambayo watu hawayahusishi nayo. Mfano, mashine ikisahau inaweza kubadilisha namna ya kuongea na diski, kutoka AHCI kwenda RAID au IDE, na Windows ikianza inakutana na kitu isichokijua inaanguka na kioo cha bluu, 0x7B. Watu wanapiga Windows upya, kumbe ilikuwa ni kurudisha AHCI tu. Na saa ikirudi 2013, kivinjari kinakataa kila tovuti yenye kufuli, kinasema cheti si halali. Mteja anakwambia bando limeisha.

Kisha fanya hivi: weka betri, acha UEFI Only ilivyo, piga mfumo upya kwa UEFI na diski ya GPT, mpangilio mpya wa patisheni. Usirudi Legacy. Ukishakuwa na mpangilio unaofanana na ule wa kiwandani, hata betri ikija kufa tena mashine itawaka.

#7 mpiga_window_255

Mkuu hapo kwenye fleshi fafanua, wengi ndipo tunapokwama. Mimi natumia Rufus kuitengeneza.

#8 Kapasita_Imevimba

Rufus ni nzuri. Kwenye "Partition scheme" chagua GPT, na hapo chini itajiandika UEFI. Ukiacha MBR na "BIOS or UEFI-CSM" unaweza kubuti kwa njia usiyoitaka. Ukibonyeza F12 kwenye Lenovo au Dell (HP ni F9), fleshi moja inaweza kutokea mara mbili: yenye neno UEFI mbele na isiyo nalo. Ni fleshi ile ile, lakini njia utakayoingilia ndiyo njia mfumo utakavyojipanga kwenye diski.

Na jamani, fleshi zenyewe. Hizi za GB 64 za bei ya chai ukizipima kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux unakuta ujazo wa kweli ni mdogo mno, kilichobaki ni uongo ulioandikwa kwenye chipu. Kunakili kunaisha bila kosa, kuinstoli kunafia katikati, lawama zinakwenda kwa diski.

#9 Fundi_Kigamboni

Nije kwenye HP, maana hizo nimezifungua nyingi.

Dada, usitazame kioo, hesabu taa. HP za kizazi hicho (8000 na 8200 Elite ni za namna moja) taa ya pawa ikimweka nyekundu inakuwa na maana, mara moja kila sekunde kisha inatulia kidogo na kurudia. Mlio unafuata hesabu hiyo hiyo, ila mlio unanyamaza baada ya mizunguko mitano, taa inaendelea. Ndiyo maana ukija umechelewa unasikia kimya unadhani imeacha.

Mara 2 ni joto la prosesa limepita kiasi. Mara 3 ni prosesa haionekani. Mara 4 ni umeme. Mara 5 ni RAM. Mara 6 ni kadi ya picha. Zaidi ya hapo ni bodi yenyewe au chipu ya BIOS, ndipo unaweza kuanza kumsikiliza fundi wako.

Wewe unahesabu ngapi? Na kwenye adapta uliyochomeka pameandikwa wati ngapi?

#10 Mamu_Steshenari

Nne. Nimerudia kuhesabu na mdogo wangu naye kahesabu, nne. Adapta imeandikwa HP, wati 65, kipini kinaingia vizuri kabisa.

#11 Fundi_Kigamboni

Kuingia vizuri si hoja. Hiyo mashine ina prosesa ya dektopu ndani, kiwandani ilitoka na adapta ya wati 135. Ukiipa 65 inajaribu kuamka, mzigo unazidi, inajizima na kukulilia nne. Chakura kwenye lile boksi lako, kutakuwa na moja nzito kuliko nyingine zote.

Kwa faida ya wengine: adapta za hivi vikompyuta hazibahatishwi. HP na Dell nyingi ni volti 19.5, Lenovo Tiny ni volti 20 yenye kichwa cha mstatili. Dell ina pini nyembamba katikati ambayo kazi yake ni kuitambulisha adapta kwa mashine. Ukiweka ya kuungaunga, itakuandikia kwamba aina ya adapta haijulikani, itawaka lakini prosesa itabanwa na mashine itatambaa. Wengine wanaiita nzito, wanaongeza RAM. Tatizo liko kwenye waya.

#12 Mamu_Steshenari

Imepatikana!! Ilikuwa chini kabisa, nzito kweli. Nne zimeisha. Sasa inamweka TANO.

#13 Fundi_Kigamboni

Hongera, umesogea hatua. Tano ni RAM. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha ukiwa umechomoa ili chaji iliyobaki iishe, toa vipande vya RAM, chukua raba ya penseli, ile nyeupe, sugua yale meno ya dhahabu taratibu pande zote mbili, futa vumbi la raba kwa brashi kavu. Rudisha kipande kimoja tu, kwenye tundu la kwanza. Ikikubali, ongeza cha pili.

Sisi wa upande wa bahari tunalijua hili. Mashine ikikaa stoo bila kuwashwa, unyevu na chumvi ya hewani vinaweka utando kwenye mguso. Ofisi ile ikiwa ilizizima muda mrefu kabla ya kuhama, RAM wala haina ubovu.

Tahadhari moja kwa watakaokopeshana RAM kati ya mashine: hiyo 8200 inakubali DDR3 ya laptop ya volti 1.5. Mashine nyingi ndogo za 2013 na kuendelea zinataka DDR3L, ya volti 1.35. Kwa macho zinafanana na tundu ni lile lile. Kipande cha 1.5 kwenye mashine inayotaka 1.35 tu, hupati picha, na hakuna kilichoharibika.

#14 Mamu_Steshenari

Fundi Kigamboni Mungu akubariki. Picha imekuja. Nimepiga kelele hadi mama lishe wa jirani kaja kuuliza kuna nini.

#15 Mzee_wa_Utepe

Vijana, nawasoma kwa furaha. Niseme jambo la kale kidogo, mtanivumilia.

Mnapoziita hizi kompyuta "mini" nacheka peke yangu. Mini ya kwetu ilikuwa PDP. Kampuni ya DEC ya Marekani ilitoa PDP-8 mwaka 1965 kwa dola 18,000 na watu wakasema ni ya bei rahisi. PDP-11 ikaja 1970, hiyo ndiyo niliyojifunzia, masomoni nje. Hapa nyumbani Wizara ya Fedha ilishafunga kompyuta ya ICT 1500 tangu 1965, lakini 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo wengi wa rika langu tulizishika ughaibuni kwanza.

PDP-11 za mwanzo ukiziwasha hazikuwa na chochote cha kujianzisha. Mwendeshaji ulisimama mbele ya swichi ukaingiza programu ya kubuti kwa mkono, maneno 14 ya namba za okta: unaweka anwani, LOAD ADRS, unapanga swichi, DEP, neno linalofuata, DEP. Ukimaliza unarudisha anwani ya mwanzo, START, na utepe wa karatasi unaanza kusomwa. Baadaye wakaleta kadi yenye ROM, kazi hiyo ikaisha.

Ninachotaka kusema ni hiki. Ikigoma, taa za mbele zilikuonyesha anwani iliposimama. Hukuhitaji kubahatisha. Hizi za kwenu zimefichwa ndani ya boksi jeusi, lakini huyo kijana wa Kigamboni anaposema "hesabu taa" anafanya kile kile tulichofundishwa. Binti yangu Mamu, umefanya vyema kumpa jibu la hesabu badala ya kusema "inamweka mweka".

#16 Siti_ya_Mbele

Shikamoo mzee. Huu uzi umekuwa darasa.

#17 Mzee_wa_Utepe

Marahaba mwanangu.

#18 Kapasita_Imevimba

Shikamoo mzee, tunashukuru. Zimebaki Wyse.

Kabla ya yote, dada Mamu, geuza kila moja usome kibandiko cha chini. Wyse 3040 zilitoka za volti 5 na zilitoka za volti 12. Usichomeke kitu kabla ya kusoma, hapo ndipo bodi hufa kweli.

Inayodai neno la siri: jaribu Fireport, F kubwa. Ndilo la kiwandani, linajulikana dunia nzima. Ofisi nyingi hawakulibadilisha.

Iliyokubali Debian kisha ikakataa kubuti, hiyo ndiyo ninayoipenda. Kwa kawaida mfumo ukijiinstoli kwenye UEFI unaweka kianzishi chake kwenye folda yake, kwa Debian ni EFI/debian/, halafu unaandika kumbukumbu kwenye chipu ya bodi: "nikitafutwa, nipo pale". Hii Wyse haifuati kumbukumbu hizo. Ni daladala yenye kituo kimoja tu, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Usiposimama hapo inakupita. Debian yako iko salama, imesimama kituo cha pili.

Buti kwa fleshi ya Debian, chagua hali ya uokoaji, Rescue mode, fungua shell ndani ya mfumo wako, hakikisha /boot/efi imefunguka, kisha:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Hilo neno la mwisho ndilo linaloweka nakala kwenye kituo kinachotakiwa. Halafu ili sasisho lijalo la GRUB (ndiyo kianzishi cha Debian) lisikurudishe nyuma, dpkg-reconfigure grub-efi-amd64, na ukiulizwa kuhusu "EFI removable media path" jibu ndiyo.

Tabia hii haiko kwa Wyse peke yake. Zipo mashine za majina makubwa ambazo zinatafuta njia ya Windows tu na kupuuza nyingine, dawa yake ni ya namna hiyo hiyo: weka nakala ya kianzishi pale zinapotazama.

#19 Mamu_Steshenari

Fireport imekubali, mkono ulikuwa unatetemeka. Ile ya Debian imebuti. Zote mbili ni za volti 5, adapta zipo. Ya tatu nayo ni ya volti 5, nimepima adapta yake kwa mita ya mdogo wangu haitoi chochote, nimeazima ya mwenzake, IMEWAKA. Lakini sasa inaandika "Start PXE over IPv4" inakaa, inasema PXE-E16, inarudi mwanzo. Kwenye BIOS sehemu ya diski haionyeshi kitu.

#20 bwana_kilo

Hiyo sasa ndiyo ya kilo.

#21 Kapasita_Imevimba

Bado, mkuu, weka mizani chini.

PXE maana yake imekosa pa kubuti hapa ndani, sasa inaomba kubutishwa kupitia waya wa mtandao. Watu wakiona PXE wanakimbilia kwenye rauta. Mara nyingi ni habari ya diski: imetafutwa, haikuonekana, mtandao ni chaguo la mwisho. Kwa mashine za BIOS ya zamani utaona PXE-E61, hiyo ni waya haujachomekwa. E51 hakuna aliyejibu kwa kutoa anwani. E53 anwani imepatikana ila hakuna aliyesema faili la kubuti linaitwaje. Kwako E16 ni ndugu wa E51, imeita na hakuna aliyejibu kwa namna inayoeleweka.

Ndani ya Wyse hakuna diski ya kuchomoa, kuna eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, GB 8 au 16. Ikiwa haionekani hata kwenye BIOS, imechoka. Fundi mwenye mashine ya hewa moto anaweza kuibadilisha lakini gharama haina maana.

Ila wewe unataka za wateja kuchapia, siyo? Basi hii haihitaji diski, na nikikushauri kwa moyo mmoja, zile mbili nzima nazo zisitumie diski. Lenovo yako iwe seva ya LTSP. Wyse zinawaka, zinaomba kwenye waya, Lenovo inazipa mfumo mzima. Mteja akiharibu kitu au akileta virusi kwenye fleshi, ukizima na kuwasha mfumo umerudi msafi.

Kwenye Lenovo yenye Debian: unainstoli ltsp, dnsmasq na nfs-kernel-server, na vifurushi vingine vichache vilivyotajwa kwenye maelezo ya LTSP, kisha kwa mpangilio: ltsp dnsmasq, ltsp image /, ltsp ipxe, ltsp nfs, ltsp initrd. Rauta yako iendelee kugawa anwani kama kawaida. Dnsmasq ya LTSP inaongezea tu jina la faili la kubuti, haigombani nayo. Yenyewe pia inatofautisha anayeomba kwa BIOS na anayeomba kwa UEFI, kwa sababu mafaili yao ni tofauti. Kwenye Wyse zima Secure Boot (ulinzi unaokataa kianzishi kisicho na sahihi inayotambulika). Na ni waya, siyo Wi-Fi. Nunua swichi ya gigabiti, usichukue zile za megabiti 100, utajuta saa za msongamano.

Wyse ina RAM ya GB 2 na prosesa ya Atom x5-Z8350. Kuchapa na kufungua PDF inaweza. Mtu akifungua tovuti nzito nyingi kwa pamoja itazama. Hao wa kutuma maombi ya ajira wapeleke kwenye HP.

#22 mpiga_window_255

Kwa nini asipige Windows zote tukamaliza? Wanafunzi wamezoea Word.

#23 Kapasita_Imevimba

Windows 10 ilifikia mwisho wa usaidizi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. M93p ni ya kizazi cha nne, 8200 ni ya pili. Unaweza kuilazimisha, lakini sasisho kubwa likija unarudi kuomba msaada humu. Na ndiyo sababu ofisi zinazitupa kwa bei hii, usilalamike. Word: LibreOffice inafungua docx nyingi vizuri, ila risechi yenye jedwali na namba za kurasa za ajabu ajabu mwombe mteja alete PDF kabla ya kuprinti. Hilo ungelifanya hata ukiwa na Windows.

#24 Fundi_Kigamboni

Niongezee jambo la umeme, maana seva ya steshenari itazimwa ghafla mara nyingi: LUKU imeisha, mtu kakanyaga waya, umeme umekatika mtaa mzima.

Kwenye BIOS ya kila mashine tafuta "After Power Loss" (Dell wanaiita AC Recovery) uweke iwake yenyewe. Kisha angalia kama mashine inasimama kusubiri F1 pale inapokosa kibodi au saa ikiwa imepotea; seva iliyofichwa juu ya kabati haina wa kuibonyezea F1. Mtu akitumia Ubuntu, GRUB ikiona mara ya mwisho haikuzimwa vizuri inaonyesha menyu na kusubiri sekunde 30. Siyo kwamba imeganda. Ukitaka ipunguze weka GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=5 kwenye /etc/default/grub, kisha update-grub.

Ikija kusimama kwenye mabano yaliyoandikwa (initramfs), kerneli imeshapakiwa na diski imeonekana au haijaonekana, hapo ndipo pa kutazama. Mara nyingi ni mafaili yamevurugika kwa kuzimwa ghafla: fsck -y kwenye patisheni inayotajwa, kisha exit. Yakirudi kila wiki, badilisha diski.

Kiyupiesi (UPS) kidogo cha kuishikilia Lenovo na swichi pekee kinatosha, siyo cha duka zima.

#25 Mamu_Steshenari

Wakuu mrejesho. Lenovo betri mpya, Debian kwa UEFI Only, nimechomoa usiku kucha, asubuhi imewaka bila maneno. LTSP ilinisumbua mahali pamoja: Wyse zilikuwa zinapata anwani, zinaanza kupakua, zinaishia njiani. Kumbe waya mmoja kati ya swichi na Lenovo kichwa chake kilikuwa kimelegea. Nimebana kichwa kipya. Ile ya kilo sasa hivi kuna mwanafunzi anachapia barua ya filidi.

Printa bado haionekani kwenye Wyse, ila hiyo nitafungua uzi wake.

#26 kijana_wa_tufaha

Naomba kudandia. Mimi nina Mac mini ya 2007, Core 2 Duo, nataka iwe seva ya muziki. Fleshi ya Linux ya biti 64 haioni kabisa, na prosesa ni ya biti 64. Kwa nini?

#27 Kapasita_Imevimba

Prosesa ni ya 64, lakini EFI ya hiyo Mac ni ya 32. Inatafuta BOOTIA32.EFI, fleshi yako ina BOOTX64.EFI peke yake. Tafuta picha ya usakinishaji yenye faili hilo, mfumo wenyewe ubaki wa 64. Mac mini za 2009 kuendelea hazina shida hiyo. Kama ungekuwa na ile ya 2006 ya Core Duo, hiyo prosesa yenyewe ni ya 32, ungeishia Debian 12, kwa sababu 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha 32.

Zaidi ya hapo fungua uzi wako bwana, huu ni wa dada Mamu.

#28 bwana_kilo

Dada Mamu, ile ofisi iliyohama bado wana mzigo?